Simu mpya ya bei nafuu au ya daraja la juu iliyotumika?
Ndugu, umeuliza kama ununue simu mpya ya bei nafuu au ya daraja la juu iliyokwisha kutumika, inayouzwa mtandaoni kwa bei ileile. Mimi ningechukua iliyotumika, ila kwa sharti ambalo wauzaji wengi hawalitaji: muda uliobaki wa kupokea masasisho ya usalama, yaani maboresho ya programu yanayoziba mianya ya wadukuzi. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8 ilipotoka mwaka 2023, na Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka, si tangu siku utakayoinunua wewe. Simu nyingi za bei ya chini huacha kupewa masasisho mapema zaidi.

Betri isikutishe, kwa kuwa hubadilishwa. Simu yangu ya namna hiyo ilikuja betri ikiwa na asilimia 81 tu ya uwezo wake, ikawa inazimika kabla ya jua kuzama. Nilipoweka betri mpya, tatizo likaisha. Kinachonitia hofu hasa ni akaunti ya mmiliki wa zamani: usipokee kabisa simu ambayo, hata baada ya kufutwa kila kitu, bado inadai nywila ya mtu mwingine.