Biskuti za waini zimekuwa mawe!

SWALI: Dada wa jikoni, za kazi? Mimi niko Roma mwaka wa pili sasa, bibi ninayefanya kazi kwake alinionjesha ciambelline al vino, vile vibiskuti vya duara vyenye tundu katikati vinavyotiwa waini, nikasema jumapili najaribu mwenyewe. Nikakanda kama chapati dakika kumi nzima, zimetoka ngumu balaa. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeshajijibu mdogo wangu, hapo kwenye chapati ndo ulipoharibu. Chapati inataka ivutike, biskuti haitaki, ukiikanda sana inakuja kukauka kama ubao. Hizi za Lazio, mkoa wenye Roma yako, kwa kawaida hazina yai wala siagi, ni glasi moja ya waini, moja ya mafuta, moja ya sukari, chumvi kiduchu na mbegu za anisi, unga unaongeza taratibu mpaka donge liache kunata, basi, mikono mbali! Lipumzike nusu saa. Halafu sokota vijiti unene wa kidole, unganisha ncha, chovya upande wa juu tu kwenye sukari, oveni nyuzi 180 dakika kama 25, zikipata rangi chini toa hata kama zinabonyea, zitakaza zikipoa. Waini nyeupe au nyekundu twende, ila nyekundu inazitia weusi flani usishtuke.

Na usitegemee ulaini wa keki, zinatakiwa zilie kach, wenyewe wanazichovya kwenye waini baada ya chakula. Mimi nachovya kwenye chai ya tangawizi, usimwambie bibi.