Usiishie kwenye "Vivian"

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Wuhan, China, jioni moja ya mvua, nilisimama mlangoni kwa bweni la wasichana nikiwa na daftari la rafiki yangu. Nilikuwa nimeondoka nalo kwa bahati mbaya, na mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi. Simu yangu imezima. Mama mlinzi akauliza nimemfuata nani. Nikasema Vivian. Akavaa miwani, akafungua orodha yake, ghorofa sita za wasichana, yote kwa herufi za Kichina. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akafunga. Hapa hakuna Vivian.

Miezi minne tulikuwa tunakula meza moja, na sikujua rafiki yangu anaitwa nani.

Ukienda China kusoma, au ukifanya kazi na Wachina hapa nyumbani, utakutana na akina Vivian, Kevin na Sunny wengi. Mara nyingi jina hilo mtu amepewa na mwalimu wa Kiingereza shuleni, au amejichagulia kwa sababu amelipenda. Lile la Jack Ma, tajiri aliyeanzisha kampuni ya Alibaba, ambaye kwao Hangzhou ni Ma Yun, alipewa na rafiki wa kigeni aliyeona jina lenyewe gumu kulitamka. Mimi nilidhani ni utumwa tu, mtu kujivua jina ili wageni wasisumbuke. Rafiki yangu aliponisikia nikisema hivyo alicheka. Aliniambia jina lake la kuzaliwa, likiwa peke yake bila la ukoo, ni wazazi na watu wake wa karibu mno wanaomwita hivyo. Likitoka kinywani mwa mtu wa juzijuzi anasisimka mwili. Vivian anamwezesha kuzungumza na mgeni bila aibu.

Kwa hiyo usimnyang'anye mtu jina alilojichagulia kwa kujifanya unamheshimu. Muulize tu anapenda umwite nani, kisha umwombe akufundishe na la kwao. Jina la ukoo ndilo linalotangulia. Mwalimu Wang ni Wang laoshi, na kumwita kwa jina tupu ni kama kumwita mwalimu wako wa darasa la tatu "wewe Juma". Wanafunzi wenyewe kwa wenyewe huitana majina kamili, la ukoo na la kuzaliwa kwa mkupuo mmoja, na wala si ukali. Ukiulizia "Mista Wang" kwenye eneo la ujenzi usishangae wakigeuka watatu: Wang, Li, Zhang, Liu na Chen peke yake wanabeba karibu asilimia 30 ya Wachina.

Sasa matamshi. Kosa letu kubwa ni kuyasoma majina haya kana kwamba ni ya Kiingereza. Pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, iliidhinishwa mwaka 1958, na Wachina wenyewe waliipanga kwa mahitaji yao. Mwingereza hakuwamo kwenye hesabu. Herufi q ni "ch" ya ulimi wa mbele, basi Qin haisomwi "Kwini". Zh inakaribia "j" yetu. C ni "ts" yenye pumzi. X iko katikati ya "s" na "sh". Rafiki yangu ni wa ukoo wa Xu, na mimi nilikuwa nasema "Zu". Alinielekeza hivi: sema "shi", ulimi usiuondoe pale ulipo, kisha chuchua midomo kama unapiga mluzi. Ilinichukua wiki nzima, siku nyingine nikiwa nachuchua midomo mbele ya kioo cha bafuni.

Lakini kuna mahali Mswahili anaanza mbele ya wenzake. Ile "ng" ya mwisho kwenye Wang na Zhang ni ng' ya ng'ombe, basi. Usimalizie na "i" ukamfanya Wangi. Na kama bibi yako ni wa pwani, muombe akutamkie paa la nyumba, kisha paa mnyama. Yule wa porini hutoka na pumzi, la nyumba halina. Hiyo ndiyo tofauti ya p na b kwenye pinyin. Beijing inaanza na paa la nyumba.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, zina kazi zaidi, na huwezi kuzikwepa. Kuna ukoo wa Cao, toni ya kupanda. Mimi niliishusha, mbele ya darasa zima, likawa tusi ambalo siliandiki hapa. Mwenye jina ndiye aliyecheka kuliko wote.

Wala usione haya kukosea, maana nao wanahangaika na yetu. Mimi ni Mwanaidi. Kichina hakina "mwa", ikawa "Muwa", na muhula mzima nikawa muwa bila hata kumenywa.

Mara ya pili nilipokwenda bwenini nilisema jina lote, la ukoo mbele. Mama mlinzi hakugusa miwani. Alinirekebisha toni ya mwisho, akanitaka nirudie, nikarudia, ndipo akanyanyua simu ya chumbani.