Laptopu ya kazi nzito: tazama wati, si joto peke yake

Fundi, shikamoo. Nikianza kurenda (kuipa mashine itengeneze video au picha ya 3D iliyokamilika), prosesa inaruka hadi nyuzi 97 ndani ya sekunde chache. Si itaungua?

Marahaba. Haiungui. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Zikikaribia hapo zinapunguza mwendo zenyewe, na mambo yakizidi mashine inajizima. Kwa hiyo nyuzi 97 peke yake haikwambii kitu. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na wati za mashine, endesha kazi yako ya kila siku kwa dakika kama 20, halafu usome prosesa inakula wati ngapi ikishatulia.

Zile sekunde za mwanzo ni mbwembwe. Core i9-13950HX, kwa mfano, ina wati 55 za msingi lakini inaruhusiwa kupanda hadi 157 kwa kitambo kifupi, na feni za laptopu nyingi hazina ubavu wa kutoa joto la namna hiyo mchana kutwa. Prosesa ya aina hiyo ikishikilia wati 70 kwa nyuzi 95, mashine nzima kabisa, fanya kazi. Ikianguka hadi wati 30 huku nyuzi bado zinagota 97, na kadi ya picha imepumzika, hapo pana ugonjwa: vumbi, pesti iliyochoka (ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma cha kupoozea) au feni iliyokufa.

Nimepuliza matundu ya chini mara kadhaa, joto liko palepale. Pesti ndiyo tatizo?

Huenda, ila anza na vumbi, maana bado hujalitoa. Matundu ya chini ni mlango tu. Vumbi lenyewe linaganda ndani, pale feni inapotemea hewa kwenye mapezi membamba ya shaba, na linafanya utando mzito kama sufi ya mto. Ukipuliza kutoka nje unausogeza kidogo, kisha feni inaurudisha. Zima mashine, fungua kifuniko, chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya kugusa chochote, toa feni, bandua ule utando kwa kibano. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Watu wanapenda kuyasikia yakivuma, kumbe wanaua beringi.

Nyuzi zikigoma hata baada ya hapo, sasa ni zamu ya pesti. Chipu inapopata moto na kupoa, chuma kinatanuka na kusinyaa, na pesti inasukumwa pembeni kidogo kidogo mpaka katikati panabaki pakavu. Mimi siku hizi, badala ya pesti, naweka karatasi ya kupitisha joto ya Honeywell PTM7950, inayolainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza mianya bila kukimbia upesi. Metali ya majimaji, ambayo wengine huiweka badala ya pesti, waachie waliozoea: inapitisha umeme, inakula alumini, na tone moja likidondokea bodi umekwisha.

Mwenzangu ana kadi ya picha ya RTX 4090 ya laptopu kama yangu, lakini anamaliza kurenda mapema. Nimeuziwa feki?

La. Jina moja, wati tofauti. NVIDIA inawaruhusu watengenezaji kuiweka kadi hiyo popote kati ya wati 80 na 150, na laptopu nyembamba huangukia chini. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza wati. Muuzaji akikujibu kwa jina la kadi tu, muulize tena.

Kagua na chaja pia. Mashine inayotaka wati 230 ukiilisha kwa chaja ya USB-C ya wati 100, itapunguza mwendo au itakula betri huku imechomekwa. USB-C yenyewe inaweza kufika wati 240 tangu kanuni mpya za mwaka 2021, lakini chaja, waya na laptopu lazima vyote viwe vya kiwango hicho.

Nataka kushusha volti za prosesa ili ipoe, lakini BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye bodi) imefunga.

Imefungwa kwa sababu ya Plundervolt, udhaifu wa usalama uliotangazwa mwaka 2019: mshambuliaji aliweza kuchezea volti za prosesa za Intel na kuvuna siri. Usirudishe BIOS ya zamani kwa ajili ya nyuzi tano. Shusha kikomo cha wati za muda mrefu, kama mashine yako inaruhusu. Kutoka wati 75 hadi 60 kelele inapungua sana kuliko kasi. Kuna na ile mbinu ya Windows ya kuiwekea prosesa kikomo cha asilimia 99, inayozima turbo, yaani ule mwendo wa ziada. Hiyo ni dawa kali mno. Itumie ukiwa kwenye mkutano, unapotaka feni zinyamaze.

RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) moja ya GB 32 au mbili za GB 16?

Mbili. Zinasomwa kwa pamoja.

Kile kibao chenye feni za kuwekea laptopu kinasaidia?

Kidogo. Nusu ya msaada wake ni kuinua mashine tu, na hiyo unaipata kwa kuweka kitabu chini ya ukingo wa nyuma, ilimradi kisizibe matundu.