Maswali na majibu: Maelezo ya msimbo wa seva

Haya ni maswali yenu kuhusu kurasa za maelezo ambazo programu huzitoa yenyewe kutoka kwenye msimbo wa Puppet na Ansible, zana mbili za kusanidi seva kwa msimbo.

Nimerithi moduli (vifurushi vya msimbo) za Puppet za sako moja hapa Nakuru. Aliyeziandika alihamia Nairobi bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Nianzie wapi?

Usikimbilie kuandika. Sakinisha Puppet Strings, programu inayotoa kurasa hizo kwa upande wa Puppet, kwa `gem install puppet-strings`, ingia kwenye folda ya moduli moja, kisha piga `puppet strings generate`. Amri hii husoma tu. Haiendeshi msimbo wala haigusi seva, kwa hivyo hata adhuhuri wanachama wakiwa foleni huna cha kuhofia. Itaunda folda ya `doc`, na ndani yake utakuta `index.html` ya kufungua kwa kivinjari. Hata kama mwenzako hakuandika neno, utaona kila klasi (kipande cha msimbo chenye jina), vigezo vyake (thamani inazopokea), aina ya kila kigezo na thamani yake ya msingi.

Kilicho bora kuliko ukurasa wenyewe ni maonyo yatakayomwagika kwenye terminali, maana kila klasi isiyo na maelezo itatajwa, na ukishaanza kuieleza, kila kigezo kisicho na `@param`, yaani mstari wa kukieleza, kitatajwa pia. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi, ila usiifuate kama ilivyopangwa. Anza na moduli ambayo kila mtu huogopa kuigusa. Mara nyingi ni ya faiawoli au ya akaunti za watumiaji. Maelezo huandikwa hivi:

```
# @summary Hulinganisha saa za seva zote
# @param seva_za_saa Tanguliza ya ofisini: intaneti
#   ikikatika, saa za miamala hazitapishana
class saa (
  Array[String] $seva_za_saa,
) {
```

Aina ya kigezo Strings huisoma yenyewe, usiirudie. Wewe andika sababu. Ungeandika "orodha ya seva za saa" ungekuwa umepoteza wino, kwa kuwa jina la kigezo limeshasema hivyo. Sababu nyingine utazichimbua kwa `git log`, yaani historia ya mabadiliko ya msimbo. Zilizobaki anazo huyo wa Nairobi. Mpigie simu wiki hii, kabla hajazisahau.

Nimeandika maelezo yote, lakini ukurasa unatoka mtupu. (Kakamega)

Bila shaka kuna mstari mtupu kati ya maelezo na neno `class`. Ufute, yagusane. Na kama ni kigezo kimoja tu ambacho maelezo yake hayaonekani, linganisha jina lake na lile la kwenye `@param`. Watu hubadilisha jina chini wakasahau la juu, na Strings hulalamikia hilo pia.

Bosi wetu anasema wiki ya ofisi (ile tovuti ya ndani ambayo kila mtu anaweza kuihariri) yatosha. (Kisumu)

Tovuti ya wiki husasishwa na mtu mwenye nafasi, na katika ofisi yenu sidhani yupo. Maelezo yakikaa juu ya klasi, anayebadilisha bandari (port) ya hifadhidata anayaona mbele ya macho yake, na anayekagua kazi yake anaona vyote viwili katika badiliko lile lile. Tovuti hiyo ya wiki iacheni kwa namba za simu za walio zamu.

Sisi tunatumia Ansible. Kuna kitu kama hicho? (Eldoret)

Kipo, ingawa si kilekile. Tangu toleo la 2.11, kila roli (kifurushi cha kazi za Ansible) inaweza kuwa na faili ya `meta/argument_specs.yml` inayoeleza vigezo vyake. Ukipiga `ansible-doc -t role` pamoja na jina la roli, unayasoma maelezo hayo kwenye terminali. Utamu wake ni kwamba Ansible huitumia faili hiyo hiyo kukagua vigezo kabla ya roli kuanza, kwa hivyo maelezo yakidanganya kuhusu aina ya kigezo, kazi inakwama palepale na mtu analazimika kuyarekebisha. Hapo nakiri Ansible imeizidi Puppet Strings. Mkitaka kurasa za kuvinjari, pakieni roli zenu kama kolekisheni (mkusanyo mmoja wa Ansible) kisha mtumie antsibull-docs pamoja na Sphinx, programu za kutengeneza kurasa za maelezo.

Huku Siaya mtandao hupotea mvua ikinyesha. Kurasa hizi zinahitaji bando?

Hazihitaji. Ni faili za kawaida, zinafunguka kwenye laptopu bila intaneti. Mimi napendelea `--format markdown`, inayotoa faili moja ya REFERENCE.md. Iweke ndani ya Git, na kila aliye na nakala ya msimbo anayo na maelezo. Usiyaache kwenye seva moja tu, maana siku stima ikipotea utayahitaji hasa kwa ajili ya kuiwasha seva hiyo.

Naweza kuziweka kurasa hizi wazi ili wateja wazione? (Kisii)

Subiri kwanza. Thamani za msingi huchapishwa kama zilivyo, na kurasa za HTML huonyesha hata msimbo wa klasi. Nywila iliyoandikwa kama thamani ya msingi itasomwa na dunia nzima. Aina ya `Sensitive` huificha kwenye kumbukumbu (logi) za Puppet, haiifichi hapa. Hamishia siri zote kwenye Hiera, hifadhi ya data ya Puppet iliyo nje ya msimbo, zikiwa zimefungwa kwa eyaml, zana ya kuzisimba. Halafu ibadilishe nywila yenyewe, kwa sababu ile ya zamani ingali kwenye historia ya Git.