Kuhusu dada mwenye mikopo mitatu asiyelala usiku

Umeeleza kwamba dada yako, mama lishe wa Mbagala, ana mikopo mitatu, halali, kichwa kinamuuma na moyo unamwenda mbio, ilhali vipimo havikuonyesha ugonjwa. Ukauliza kama ni uvivu au amerogwa. Ndugu yangu, si kimojawapo. Mwaka 2021 nilikuwa nikiuza chapati na maharage Manzese, nami yalinipata hayohayo.

Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, wa shilingi 300,000, marejesho kila siku. Kilichonila zaidi ya deni lenyewe ni ile saa ya marejesho: niliamka saa tisa usiku nikihesabu mauzo ya siku ambayo haijaanza, na ilipokaribia saa kumi jioni, mkusanyaji anapopita, mikono ilinitetemeka hata siku ambazo fedha nilikuwa nazo. Nikachukua mkopo wa kikundi ili nilipe ule wa kwanza. Niliposhindwa, wenzangu walinichangia, na kwa kuwa walikuwa majirani, nikaanza kwenda bombani usiku nisionane nao.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeniuliza ni tangu lini sijafurahia chochote. Sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba huzuni au kukosa hamu kukidumu karibu kutwa nzima, takriban kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili kama kukosa usingizi, yaweza kuwa ugonjwa wa sonona (depression), na kwamba wengi wetu huanza kuisikia mwilini. Nilipewa ushauri na dawa, nikaonywa kuwa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu na nisiziache kwa uamuzi wangu.

Kwa hiyo mpeleke zahanati, nawe ukae naye ndani akikubali. Muulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Madeni yaandikeni yote, hata lile analomficha mumewe (huwa lipo), na asikope tena kulipia jingine. Angalieni pia kama mkopeshaji ana leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Baadaye, akishapata nguvu, aulize halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba iitwayo ya asilimia 10, yaani sehemu ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ingawa hiyo nayo hutolewa kwa vikundi, na kwa mtu anayekwepa watu hilo si jambo dogo.

Deni la mwisho nililimaliza miezi mingi baadaye. Usingizi ulikuwa umerudi zamani.