Utii wa mbwa huanzia kwenye bakuli

Fimbo humfundisha mbwa kitu kimoja tu: kukaa mbali na mkono wako. Siku akichomoka getini utamwita mpaka koo likauke. Hata ile nadharia ya kwamba lazima umtawale kama dume kuu la kundi ilitokana na mbwa mwitu wa jamii ya "wolf" waliofungiwa. Mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947, baada ya kuwachunguza wakiwa kifungoni. Mwaka 1999 mtafiti mwingine, David Mech wa Marekani, alieleza kuwa porini kundi kwa kawaida ni familia, na wanaoongoza ni wazazi tu.

Kwa hiyo ongoza kwa kushika vile anavyovitaka: chakula, geti, mchezo. Anza na bakuli. Lishike kifuani, nyamaza, subiri akae. Literemshe polepole, akinyanyuka, lirudishe juu bila kufoka. Likigusa sakafu naye bado amekaa, sema "haya". Akishazoea, fanya vivyo hivyo getini: halifunguki mpaka akae.

Neno "kaa" unalifundisha kwa kipande cha ini la kuchemsha, kidogo kama punje ya harage. Kiweke puani pake, kisha kipitishe juu ya kichwa kuelekea nyuma. Pua ikipanda, makalio hushuka. Mpe papo hapo. Ukichelewa akawa ameshanyanyuka, umemlipa kwa kunyanyuka. Usimkandamize kiuno, atakusukuma tu. Dakika 3 hadi 5 zatosha, mara mbili kwa siku, kabla hajala. Mtoto wa wiki 8 anaweza kuanza.

Amri itamkwe mara moja. Ukisema "kaa, kaa, kaa, we kaa!" anajifunza kwamba ya kwanza haina uzito. Na nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "sit", dada wa kazi "kaa" na mlinzi "keti", msimwite mbwa mjinga.

"Njoo" ndiyo amri itakayomwokoa barabarani, na ndiyo wengi huiharibu wenyewe. Wanamwita, anakuja, anachapwa kwa kosa la robo saa iliyopita. Au anaitwa kila mara anapotakiwa kuogeshwa au kufungwa mnyororo. Kwa mambo hayo mfuate alipo. Zoeza kwa kamba ya mita 5 hadi 10: mwite, mpe kipande, mwachie aendelee kucheza. Akikimbia usimkimbize, kwake huo ni mchezo. Geuka, kimbilia upande wa pili.

Akivuta kamba, simama. Ikilegea, endelea. Inachosha, lakini ukimfuata hata mara moja moja anajua kuvuta kunalipa.

Mbwa wa kufungwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku huitwa jeuri, kumbe hana anapojifunzia. Mtembeze kwanza, ndipo umfundishe.

Akinguruma juu ya mfupa, usimpige. Huo ni mlio wa onyo. Ukiuzima, kesho ataruka onyo na kuuma kimyakimya. Mtupie nyama nzuri zaidi ukiwa mbali, na watoto wasimsogelee akila. Mtiifu aliyegeuka mkali ghafla huenda anaumwa sikio au jino: mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akitokwa udenda, sauti ikabadilika na akawa anayumba, huenda ni kichaa cha mbwa: usimguse kabisa. Funga geti, watu wakae ndani, piga simu kwa daktari huyo mara moja.