Jibu: Mtajo si mlinganyo, na wastani si namba ya katikati

Habari ndugu. Umesema mwanafunzi wako wa Senia 2 (mwaka wa pili wa sekondari) akipewa 3x + 6 anajibu x = −2, na kwenye takwimu anachanganya wastani, mediani na modi.

Kwanza angalia kama anatafuta alama ya usawa. 3x + 6 haina, kwa hiyo ni mtajo: unaurahisisha au unautoa kigawo, 3(x + 2), basi. Hiyo −2 aliipata kwa kujiongezea "= 0" ambayo hakuna aliyeiandika. 3x + 6 = 21 ndiyo mlinganyo; hapo x = 5. Mwambie aizungushie duara alama ya = kabla ya kugusa kalamu tena.

Kwa takwimu, tumia bei za matoke sokoni. Tuseme mikungu mitano ni shilingi 20,000, 15,000, 42,000, 15,000 na 18,000. Jumla 110,000, gawa kwa 5: wastani 22,000. Modi ni 15,000, imejirudia. Mediani, yaani namba ya katikati, ndipo wengi huanguka: wanachukua 42,000 kwa sababu imekaa katikati ya orodha. Lazima zipangwe kwanza, ndogo hadi kubwa; jibu ni 18,000. Ukiongeza mkungu wa sita wa 24,000, chukua mbili za katikati, 18,000 na 20,000, ugawe jumla yake kwa 2: 19,000.

Muulize pia kwa nini mikungu minne kati ya ile mitano iko chini ya wastani. Akiitaja ile 42,000, ameelewa.